Mfadhili anataka kutuletea boya la vihisi kwenye mashamba ya mwani: tusaini?

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wanaolima mwani na kufuga majongoo bahari, mwambao wa mashariki wa Unguja. Mfadhili amekuja na habari ya boya lenye vihisi, litapima maji na kutuma majibu kwenye simu zetu kila baada ya dakika 15. Anataka tusaini mwezi ujao. Wenzangu wanauliza mambo mawili. Litatuambia mapema, kabla mwani haujaanza kuwa mweupe na kukatika? Na litatuonesha kama makaro ya mahoteli yanavujia kwetu? Tukubali au tukatae?

Jibu: Waalaykum salaam, dada. Nikupe kwanza majibu mafupi ili wenzako wasingoje. Kwa mwani, ndiyo kwa kiasi, tena kwa kipimo kimoja tu, joto la maji, ambacho hakihitaji boya. Kwa makaro, hapana. Na juu ya kusaini, msikatae, ila msiitie sahihi karatasi hiyo kama ilivyo.

Ndani ya boya la namna hiyo mnaning'inia mtungi wa urefu wa mkono hivi, na kwenye ncha yake vimepangwa vihisi vitano au sita. Cha joto ni kipande kidogo ambacho ukinzani wake wa umeme hubadilika maji yakipata joto. Chumvi haionjwi, chombo hupitisha umeme majini, na kwa kuwa maji ya chumvi nyingi huupitisha kwa wepesi zaidi, kiwango cha chumvi hupigiwa hesabu kutoka hapo na kwenye joto. Oksijeni hupimwa kwa taa ya buluu inayomulika kifuniko chenye rangi maalumu: oksijeni ikiwa nyingi, mwanga unaorudi hufifia haraka. Tope hupimwa kwa miale ya infraredi inayotawanywa na chembe zinazoelea. Kihisi cha klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea, humulika kwa buluu na kuhesabu wekundu unaorudi kutoka kwenye vijimea vidogo vya majini. Cha pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi ya maji, ni elektrodi ya kioo chembamba, na ndicho kinachodeka kuliko vyote. Juu kuna paneli ya sola, betri, na modemu yenye laini ya simu kama yako.

Faida yake kubwa ni kwamba hakilali. Vipimo kila dakika 15 ni mara 96 kwa siku, zaidi ya mara 35,000 kwa mwaka. Mtaalamu anayekuja na chupa mara moja kwa mwezi hupata vipimo 12, na vyote atakuwa amevichukua mchana. Bahari yenu ya ndani ya mwamba haikai hali moja. Mchana nyasi bahari na mwani hutoa oksijeni mpaka maji yanazidiwa. Usiku kila kiumbe kinavuta na hakuna kinachotoa, kwa hiyo kiwango cha chini kabisa hupatikana alfajiri, wakati hakuna mtu wa chupa. Kwa wanaofuga samaki au kaa kwenye mabwawa hilo ni jambo la kufa na kupona. Kwa mwani wenu uzito wake ni mdogo. Na mkipata siku moja ujumbe kwamba oksijeni imeshuka saa kumi na moja alfajiri, msitaharuki. Angalieni kwanza kama huwa inashuka hivyo kila alfajiri.

Sasa joto. Kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza Zanzibar mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, kilikuja na aina mbili: spinosum, ambayo ndiyo wengi wenu mnailima mpaka leo, na kotonii, ambayo bei yake ni nzuri zaidi. Kotonii imekufa mashamba kwa mashamba tangu miaka ya 2000, na Dkt. Flower Msuya, mtafiti wa mwani ambaye amefanya kazi Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, ameandika kwa miaka mingi juu ya vifo hivyo na uhusiano wake na maji kupata joto. Mwani huu hupenda maji ya nyuzi 25 hadi 30. Kwenye mashamba ya maji madogo joto limewahi kupimwa hadi nyuzi 38. Mmea ukishachoka kwa joto, bakteria huupata kirahisi, matawi yanageuka meupe, yanalainika, na wimbi dogo tu linayakata. Weupe mnaouona leo umetokana na mateso ya siku zilizopita. Ndiyo maana kuna nafasi ya kuonywa mapema: joto hutangulia, weupe hufuata.

Mtu atawaambia kwamba setilaiti inapima joto la bahari bure. Ni kweli, na ramani za Marekani za kufuatilia kupauka kwa matumbawe hutolewa kila siku. Lakini kila nukta kwenye ramani hizo ni eneo la kilomita 5 kwa 5, na inazungumzia maji ya nje ya mwamba. Maji ya magotini juu ya mchanga mweupe, bahari ikiwa imekupwa na jua la Februari liko utosini, ni habari nyingine kabisa. Hapo kihisi chenu wenyewe kina kazi ambayo hakuna setilaiti inayoiweza.

Lakini tazama saa zenyewe, dada. Kwenye mwambao wetu kupwa kwa bamvua, siku maji yanapokupwa na kujaa kuliko kawaida, huangukia kama saa nne au saa tano asubuhi, kisha kila siku husogea mbele kwa dakika 40 hadi 50. Siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji bado yanakupwa sana na saa imeshafika sita. Hizo ndizo siku za kuunguza. Zikiangukia katikati ya kaskazi, kabla ya masika kuanza, pepo zikiwa zimelala, hatari inaonekana kwenye jedwali la maji kupwa na kujaa hata kabla kihisi hakijasema neno. Kazi ya kihisi ni kuwaambia mwaka huu ni mbaya kiasi gani, na shamba lipi linaanza.

Hapa ndipo boya linaponitia shaka. Boya limebuniwa kuelea. Katika mashamba yenu, kupwa kwa bamvua kutalilaza juu ya mchanga, na vihisi vitabaki hewani. Kihisi cha joto kitapima jua na kuwatumia nyuzi 41, na simu 20 zitalia kwa wakati mmoja. Elektrodi ya pH ikikauka mara kadhaa imekwisha. Fundi hodari hujua kuchuja data hizo, maana chumvi ikianguka ghafla karibu na sifuri bila mvua, chombo kiko nje ya maji, na kila kilichosomwa dakika hiyo kinatupwa. Lakini kwanza mwulizeni mfadhili swali hili: mmelipanga wapi? Akisema nje kwenye mlango wa bahari ambako maji hayakauki, basi litapima vizuri sana maji ambayo si ya shamba lenu. Kwa mwambao kama wenu, afadhali mti au bomba lililochimbiwa imara ndani ya dimbwi au mkondo unaobaki na maji, kihisi kikiwa usawa uleule wa kamba zenu, na antena juu, kwa sababu mawimbi ya simu hayapiti ndani ya maji ya chumvi.

Usawa huo una maana kwa majongoo pia. Mvua kubwa za masika hushusha chumvi, na jongoo wa mchanga havumilii maji mengi yasiyo na chumvi. Lakini maji ya mvua ni mepesi, hukaa juu. Kihisi kinachoelea kitapiga kelele kwamba chumvi imeshuka, ilhali majongoo chini mchangani hawajui lolote. Au kinyume chake, bahari ikikupwa wakati wa mvua, tabaka lile la juu linashuka mpaka kuwafikia. Kipimo cha chumvi cha majongoo kiwekwe kiganja kimoja juu ya mchanga.

Halafu kuna jambo ambalo vipeperushi vya wauzaji hulitaja kwa mstari mmoja, nami naona ndilo linaloua miradi hii kuliko dhoruba: viumbe vinavyoota juu ya kihisi. Katika maji ya joto kama yetu, ndani ya siku chache kioo kina ukoga. Wiki mbili tatu, vidude vya ganda vile vinavyogandia ubavu wa ngalawa vimeshapata makao. Chombo hakizimiki. Kinaendelea kutuma, na ubaya uko hapo, kwa sababu namba zinaonekana nzuri tu. Oksijeni inashuka polepole, kwa kuwa viumbe juu ya kihisi wanaivuta. Chumvi inashuka polepole, kwa kuwa nafasi ambamo umeme hupita imezibwa. Tope linapanda polepole. Mtu aliyekaa ofisini mjini anaweza kuandika ripoti nzima kwamba hali ya maji ya kijiji fulani inazorota, kumbe kinachozorota ni usafi wa chombo. Joto pekee haliathiriki sana, na hiyo ni sababu nyingine ya kulipenda.

Dawa zipo: brashi inayojipangusa yenyewe kabla ya kila kipimo, kinga ya shaba nyekundu kuzunguka vihisi kwa kuwa viumbe wengi wa baharini hawaipendi shaba, utepe wa kufunga mwili wa chombo. Zote huchelewesha tu. Mwishowe ni mkono wa mtu na brashi laini. Kwa mazingira yenu ningesema kila baada ya wiki mbili, na bahati nzuri bamvua huja kila baada ya siku 14 au 15, na siku hizo nyinyi mko pwani kwa kazi zenu. Ratiba tayari mnayo.

Kusafisha kuna utaratibu wake. Soma kipimo kabla ya kusafisha, kwenye ndoo ya maji ya bahari yaliyochotwa hapohapo, safisha, soma tena kwenye ndoo ileile. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo uongo ulioletwa na ukoga. Kisha chovya kwenye maji ya kipimo kinachojulikana, yale ya chupa za pH 7 na 10 na ya chumvi, uone kihisi chenyewe kimepotoka kiasi gani. Andika yote matatu kwenye daftari, na tarehe. Data isiyo na daftari hilo haina thamani hata ikiwa imetoka kwenye chombo cha maelfu ya dola, na mama mwenye elimu ya darasa la saba anaweza kuliandika vizuri kuliko mwenye shahada anayekuja mara mbili kwa mwaka.

Nije kwenye swali ambalo ningetaka mkae mliongee kabla ya mkutano na mfadhili: simu ikilia, mtafanya nini?

Nikupe mfano wa mahali ambapo vihisi viliokoa kazi za watu. Mwaka 2007 na 2008, kiwanda cha kuzalisha vifaranga vya chaza kiitwacho Whiskey Creek, jimbo la Oregon, Marekani, kilishuhudia vifaranga vikifa kwa mamilioni. Walidhani ni bakteria. Wanasayansi walipowasaidia kupima maji mfululizo yanapoingia kiwandani, ilibainika kwamba pepo fulani zilikuwa zikipandisha maji ya kina kirefu, yenye kabonidayoksaidi nyingi, na chaza mchanga katika siku zake za mwanzo hawezi kujenga ganda ndani ya maji hayo. Dawa haikuwa ya ajabu. Walianza kuvuta maji alasiri, wakati nyasi bahari za ghuba zimeshapunguza kabonidayoksaidi kwa kutwa nzima, na siku mbaya waliongeza magadi kwenye matangi. Kiwanda kikasimama tena. Zingatia kwamba wale walikuwa na bomba: namba ikiwa mbaya, walifunga, ikiwa nzuri, walifungua. Nyinyi bahari yenu haina bomba.

Mna vitu vitatu vya kufanya, kwa ninavyoona. Kuvuna mapema, hata kabla ya wiki sita kutimia, mpate kilo kidogo kuliko kukosa zote. Kuhamisha mbegu, hasa ya kotonii, kwenda maji ya kina. Au kutofunga mbegu mpya kwenye tai-tai, vile vikamba vya kufungia mwani, mpaka bamvua lile lipite. La kwanza na la tatu mnaweza kesho asubuhi. La pili linahitaji chombo, nanga, kamba za kuelea au neti za mirija ambazo zimejaribiwa huko huko Zanzibar, na linahitaji wanawake wanaojua kuogelea au wenye maboya ya kuvaa. Kama kikundi hakina hata ngalawa moja ya uhakika, basi fedha ya boya la vihisi ingefaa zaidi kununua ngalawa. Mfadhili hatapenda kusikia hivyo, kwa sababu boya hupigwa picha vizuri. Mwambieni tu.

Juu ya makaro. Hakuna kihisi cha kutumbukiza baharini kwenye boya la namna hiyo kinachohesabu vijidudu vya kinyesi. Njia inayotegemewa bado ni kuotesha sampuli maabara kwa muda wa saa 24 hivi, na kuhesabu enterokoki, bakteria wa utumbo wanaovumilia maji ya chumvi. Marekani kiwango cha pwani za kuogelea ni wastani wa 35 kwa mililita 100 za maji. Boya linaweza kuwapa dalili tu. Mwambao wenu ni wa mawe ya matumbawe yenye matundu, na maji ya ardhini huchuruzika pwani bahari ikikupwa. Kihisi cha chumvi kilichowekwa hapo kitaona chumvi ikishuka kila kupwa. Lakini maji hayo yanaweza kuwa ya kisima safi au ya karo, chumvi haitofautishi. Kihisi cha tope nacho kitapanda kwa sababu ya upepo, kwa sababu ya mtu aliyepita, au kwa sababu samaki mdogo amependa kivuli cha chombo. Mkimfuata mwenye hoteli na grafu ya tope, mwanasheria wake ataichana kwa dakika tano.

Kama shaka ni ya kweli, fanyeni hivi. Chagueni sehemu tatu: mbele ya hoteli, mbele ya kijiji, na mbali na vyote viwili. Chukueni sampuli bahari ikiwa imekupwa, mara chache siku za kawaida na mara chache baada ya mvua kubwa, kwenye chupa safi za maabara, ndani ya sanduku la barafu, zifike maabara ndani ya saa sita. Waombeni Taasisi ya Sayansi za Bahari au ZAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Zanzibar, wazipime, na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira iwe na taarifa tangu mwanzo, ili matokeo yasije yakaitwa ya mtaani. Na muwe tayari kwa jibu msilolitaka, maana sehemu ya mbele ya kijiji inaweza kuwa mbaya kuliko ya hoteli. Vyoo vyetu navyo vimechimbwa kwenye jiwe lilelile.

Kwa mfadhili ningemwendea na pendekezo la kubadilisha mpango. Msimu wa kwanza, kuanzia kabla ya kaskazi mpaka masika yaishe, walete virekodi vidogo vya joto, vinne au vitano. Hivi havitumi kitu mjini. Vinakaa na betri yao, vinapima na kuhifadhi, na vya kisasa unavisoma kwa simu kupitia Bluetooth ukivitoa majini. Bei yake kimoja ni makumi ya dola, au mia na kidogo, wakati mtungi wa vihisi vingi ni maelfu mengi. Vifungeni kwenye vigingi vya mashamba tofauti, kimoja maji ya kina, na kila bamvua msome na kuandika pembeni hali ya mwani: mzima, umeanza weupe, umekatika. Baada ya msimu mmoja mtakuwa na kitu ambacho hakuna mfadhili anayeweza kukinunua, yaani joto gani, kwa siku ngapi, huleta weupe kwenye shamba lenu ninyi. Hapo ndipo chombo cha kutuma ujumbe kitakuwa na kitu cha kusema, maana mtakijua kiwango cha kukiwekea. Kukiweka sasa kwa kiwango cha kitabuni ni kuwafundisha akina mama kupuuza simu.

Akishikilia kwamba ni boya au hakuna, kubalini kwa masharti yaliyoandikwa. Atakayesafisha ni mwanakikundi, analipwa, na malipo yake yamo kwenye bajeti kwa miaka mitatu, si mmoja. Bajeti hiyo hiyo iwe na bando la laini, maji ya kusawazishia vihisi, kifuniko cha kihisi cha oksijeni ambacho hubadilishwa kila mwaka au miwili, na kihisi kimoja cha akiba kwa kila kinachoharibika upesi. Sheha na kamati ya uvuvi waelezwe, na wavuvi waelezwe kabla ya chombo kushushwa. Hata maboya makubwa ya RAMA, mtandao wa kimataifa wa utafiti wa bahari na hali ya hewa, katikati ya Bahari ya Hindi huharibiwa na vyombo vya uvuvi, sembuse lenu lenye paneli ya sola na shaba inayouzika. Ujumbe uje kwa Kiswahili na useme la kufanya, "joto limepita nyuzi 33 siku tatu mfululizo, anzeni kuvuna shamba la kusini", badala ya grafu. Namba hiyo 33 ni mfano wangu tu. Yenu mtaipata kwenye virekodi.

Na data ni ya nani? Hili liandikwe kwa herufi kubwa. Neno la siri la kuingilia kwenye tovuti ya vipimo liwe nalo kikundi, nakala ya data iwekwe kwenye simu au kompyuta ya kikundi kila mwezi, na mtafiti yeyote atakayeitumia awaletee matokeo kwa lugha mnayoielewa. Mradi ukifungwa na ofisi ikahama, tovuti huzimwa, na vipimo vya miaka mitatu huondoka nayo.

Mfano mzuri uko bandarini Zanzibar kwenyewe, kama wenzako wanataka kuona kwamba mambo haya yanawezekana: kipimo cha usawa wa bahari, yaani maji yamepanda au kushuka kiasi gani, ambacho kimekuwa kikirekodi tangu miaka ya 1980 na leo vipimo vyake huonekana mtandaoni ulimwengu mzima. Kiko gatini, mtu anakifikia kwa miguu, na kinapima kitu kimoja. Ombeni mpelekwe mkakione kabla ya tarehe ya kusaini, na mfadhili aje pamoja nanyi.